Siku ya Tatu, Nipeni Jembe

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niliamka nikakuta pasheni yangu imekatwa. Haikung'olewa. Ilikatwa kwa panga, chini kabisa, na sehemu yote ya juu ikaachwa ikining'inia kwa waya, majani bado mabichi, kwa sababu mmea huchukua muda kujua kwamba umekufa. Nilisimama pale na kikombe cha chai nikahesabu matunda. Yalikuwa 43. Yote ya kijani, yote machanga, hakuna hata moja ambalo lingeiva.

Fundi wa rangi alikuwa anakuja saa tatu. Mwenye ploti alikuwa ameamua jengo lipakwe rangi kabla ya Krismasi, na pasheni yangu ilikuwa imefunika kipande cha ukuta kama upana wa kitanda. Msimamizi wa ploti hakunificha kitu. "Pole, kijana," akasema. "Lakini ukuta lazima upakwe. Na kwani wewe ulikuja hapa kukaa ama kulima?"

Nilimwambia sawa. Nilikuwa na deni la kodi la wiki mbili, na mtu mwenye deni la kodi hujibu sawa. Lakini swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na sasa nina jibu. Nilikuja vyote viwili. Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa bedsita Zimmerman, Kayole, Rongai ama Kisauni, una haki ya kuja vyote viwili.

Jioni hiyo nilipewa pole za aina moja kutoka kila upande. Jirani wa chini: "Si nilikuambia usipande kitu kwa nyumba ya wenyewe?" Shangazi yangu kwa simu: "Hizo pesa ungeweka ununue ardhi, hata kama ni ya futi mbili." Mama mboga wa hapo getini, ambaye nampenda sana, alinihurumia mpaka akaniongezea nyanya mbili, kisha naye akasema, "Kijana wangu, panda sukuma kwa gunia. Ukihama unabeba."

Hebu tuuangalie huo ushauri, kwa sababu unaonekana una akili. Panda unachoweza kubeba. Sukuma kwa gunia, dania kwa mkebe, kitunguu cha majani kwa chupa ya soda iliyokatwa. Sina vita na sukuma, imenilisha siku nyingi kuliko makala zangu. Lakini angalia kile ambacho ushauri huu unakufundisha polepole: kwamba maisha yako yapimwe kwa mwezi, kama kodi. Usinunue kabati kubwa, halitaingia kwa pikapu. Usitundike picha, utatoboa ukuta. Usizoeane sana na majirani, watahama. Usipande kitu kinachochukua mwaka. Nina miaka 26. Nimepanga tangu nikiwa na 19, na kwa miaka saba nimeishi kama mtu anayengoja matatu stejini. Manze, matatu haiji. Ile ardhi ya shangazi ya futi mbili haiji, si kwa bei za sasa, si kwa mtu anayelipwa kwa makala moja moja na wakati mwingine halipwi.

Na kwa hili jambo nina sifa mbaya. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na tangu hapo watu wangu wananijua kama mtu asiyemaliza. Nikitaja mpango wowote, nyuso zao zinalegea kwa ile huruma ya "haya, tutaona". Pasheni ilikuwa kitu cha kwanza tangu chuo nilichoanza kikiwa na tarehe ya mbali, nikakiangalia kila asubuhi kwa miezi minane. Kwa hivyo ilipokatwa, msiniambie nitafute juisi dukani.

Hii tabia ya kuishi kwa begi haikuanza na sisi. Nairobi ya mkoloni ilimhesabu Mwafrika kama mgeni wa kazi: aje, afanye kazi, arudi kwao. Kipande shingoni kuanzia miaka ya 1920, kitanda kwa chumba cha wanaume, mke na watoto wabaki kijijini. Mkoloni aliondoka 1963, lakini sentensi yake tunaisema mpaka leo kwa ulimi wetu wenyewe. Tuna nyumba Nairobi, ila nyumbani ni kwingine. Muulize mtu aliyezaliwa Umoja na kulelewa Umoja, "nyumbani ni wapi?" Atakutajia kijiji ambacho analala siku nne kwa mwaka. Na huko nyumbani ndiko tunakubali kupanda vitu vya kudumu. Kwa shosho wangu Murang'a, pasheni ilikuwa imepanda juu ya mparachichi tangu sijazaliwa, na hakuna aliyemuuliza kama alikuja kukaa ama kulima.

Waswahili walishalimaliza hili suala kitambo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaisema kumcheka mgeni mvivu. Isome tena. Siku ya tatu mtu anaacha kuwa mgeni, na dalili yake ni kwamba anapewa jembe, anaonyeshwa udongo, anaambiwa hapa na wewe unahesabika. Mimi nimelipa kodi ya hii ploti mara 48. Jembe liko wapi?

Kuna kundi lingine ambalo lazima nilishike kabla sijaendelea, wale wa "kijana, ingia kilimo". Hawa hawakukatazi kupanda. Wanataka upande ekari. Kila mwezi mtandaoni kuna mtu aliyevaa gambuti safi anakuhesabia mamilioni ya pasheni, na hesabu yake ina vitu viwili tu: idadi ya miche na bei ya kilo. Tufanye hesabu naye. Ukipanda mita 2 kwa mita 3, ekari moja inabeba miche kama 670. Pasheni haisimami yenyewe, kwa hivyo kila mstari unahitaji waya, na ekari hiyo itakula kama mita 1,350 za waya. Weka nguzo moja kila mita 6. Hizo ni nguzo 225, bila zile nzito za kushikilia mwisho wa mstari. Kisha kuna maji, samadi, dawa, na mtu wa kupogoa, na hayo yote unalipa miezi mingi kabla hujaona shilingi. Mwenye gambuti hajawahi kutaja nguzo. Mtu akikuuzia ndoto ya mmea unaotambaa bila kutaja nguzo, ama hajawahi kuupanda, ama biashara yake ni kuuza miche.

Hao hao ndio hupenda kutuambia tufuate pasheni zetu. Jina la hili tunda, ambalo vitabu vya shule viliita karakara na sokoni hakuna aliyeitika, halikutokana na kupenda kazi. Wamisionari wa Kihispania waliolikuta ua lake huko Amerika waliona ndani yake mateso ya Yesu. Zile nyuzi za kuzunguka walisema ni taji la miiba, vile vichwa vitatu vya juu ni misumari, na vitano vya chini ni majeraha. Pasheni ni mateso. Mtu mwenye mshahara akikuambia ufuate pasheni yako, muulize anamaanisha ipi, na nguzo atanunua nani.

Ninachotetea mimi ni kidogo kuliko ekari na kikubwa kuliko gunia. Mche mmoja, waya mmoja, na ule ukanda wa udongo ambao ploti nyingi huwa nao pale nyuma karibu na kamba za nguo. Na kwa sababu nimechoka na makala za kupiga kelele bila kazi, wacha niseme inafanywaje.

Nunua mche ulioungwa. Pasheni ya zambarau ndiyo inayopenda huku juu, mita 1,200 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nairobi iko humo. Shida ni mizizi yake, ambayo hushikwa upesi na mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni. Pasheni ya manjano, ile inayofanya vizuri Pwani, ina mizizi migumu zaidi. Kwa hivyo wenye vitalu huchukua kichwa cha zambarau wakakiunga juu ya shina la manjano, na wewe unanunua miwili kwa mmoja. Utaona kovu kwa shina. Hilo kovu lisifukiwe, kwa sababu zambarau ikigusa udongo itatoa mizizi yake yenyewe na ugonjwa utapata mlango. Chipukizi lolote likitokea chini ya kovu, toa, hilo ni la manjano. Mimi nilijifunza hivyo vibaya: kisiki changu kilichokatwa kilichipuka tena baada ya wiki, nikashangilia, kisha nikaangalia vizuri nikaona kimechipuka chini ya kovu. Zambarau yangu ilikuwa imeenda na panga. Msomaji wa Kisauni, wewe huna kesi hii. Panda manjano moja kwa moja, ila panda miche miwili iliyotoka kwa mbegu tofauti, kwa sababu ua la manjano halishiki kwa chavua ya mmea wake lenyewe.

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande. Udongo wa ploti mnaujua: nilitoa vipande vya tofali, nailoni za maziwa, kijiko, na kichwa cha mwanasesere. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na samadi iliyooza, ndio urudi shimoni. Samadi mbichi itachoma mizizi. Ngoja mvua ianze. Hamisha mche jioni, ukiwa na urefu wa kama futi moja. Pasua nailoni yake kwa wembe, usiuvute kwa shina, na lile bonge la udongo liingie shimoni likiwa zima. Mwagilia hata kama kumenyesha.

Sasa nguzo, na hapa nakiri kosa. Ile pasheni ya kwanza niliutoa waya wake kwa bomba la maji ya mvua. Lilikuwa hapo, limesimama wima, la bure. Kufikia mwezi wa kumi bomba lilikuwa limeanza kupinda, kwa sababu pasheni yenye majani, matunda na maji ya mvua juu yake ina uzito ambao hungedhani. Msimamizi aliliona kabla hata ya mambo ya rangi, na alikuwa na haki ya kukasirika. Sitaki mtu afikiri natetea uharibifu. Ukitaka kuheshimiwa kama mtu wa kukaa, usifunge mzigo wako kwa bomba la mwenzako.

Ya pili ina nguzo zake. Mbili za mkaratusi, mita 2.5 kila moja, nusu mita ikiwa imezikwa, sehemu ya chini imepakwa oili chafu ya gari ili mchwa wasiile. Zimeachana mita 3, na juu kuna waya mmoja usioshika kutu, mita 2 kutoka ardhini. Kutoka kwa ukuta ni hatua moja nzima. Mtu wa rangi anapita na ngazi yake bila kugusa jani. Vyote pamoja na mche vilinigharimu chini ya shilingi 1,500, na shimo la nguzo ya pili nilisaidiwa na kijana wa kuuza maji kwa malipo ya chapati.

Mche ukianza kurefuka, acha machipukizi mawili yenye nguvu na utoe mengine. Yafunge kwa fimbo kwa kitu laini, mimi nakata tishati kuukuu, na uzungushe kama nambari 8 kati ya shina na fimbo. Usifunge kama mbuzi wa sikukuu, shina linanenepa. Ule mmea una vikono vyembamba vinavyotafuta pa kushika na kujiviringa kama springi, na havijui mipaka, vitashika waya wako na vitashika kamba ya nguo ya jirani. Pita kila siku mbili. Machipukizi yakifika kwa waya, kata ncha zake, moja uielekeze kushoto, lingine kulia. Kutoka hapo matawi ya pembeni yatashuka kama pazia. Yakikaribia ardhi, yapunguze. Maua hutoka kwa tawi jipya, kwa hivyo mwenye kuogopa kukata ataishia na majani. Kisu kioshe kwa Jik kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, maana kuna virusi vinavyofanya tunda liwe gumu kama kokwa, navyo husafiri kwa kisu na kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa kwa ncha laini. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hivyo usinyunyize dawa asubuhi, nyuki wako kazini. Matunda huanguka yenyewe yakiiva. Hii inamaanisha mvunaji ni mtoto wa kwanza kuamka ploti nzima. Lizoee hilo mapema.

Wenye ploti, sasa niongee na nyinyi, kwa heshima. Najua mnachosema: mbu, unyevu, nyoka, ukuta. Mbu huzaliana kwa maji yaliyosimama, kama yale ya mtaro ulio mbele ya geti tangu mwezi wa nne. Unyevu wa kuta unatoka kwa paa linalovuja, na hilo tumeripoti. Nyoka hupenda vichaka na takataka, na pasheni iliyopogolewa inapitisha mwanga chini yake. Ukuta nimeshaujibu kwa hatua moja ya umbali.

Linabaki swali moja la haki: mmea ni wa nani? Sheria tuliyorithi kwa Waingereza ina kanuni ya zamani kwamba kilichoshikamana na ardhi huenda na ardhi. Kwa hivyo ile pasheni niliyoililia ilikuwa yenu. Mlikata chenu. Fikirieni hapo kidogo. Mpangaji amechimba udongo wenu akatoa tofali zenu, amenunua nguzo kwa pesa yake, amemwagilia mwaka mzima, na akihama anawaachia mmea ambao ukitunzwa unaweza kuzaa miaka mitatu ama zaidi. Huyo ndiye mnamuuliza kama alikuja kukaa ama kulima.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza kilimo cha mjini mwaka 2015. Katiba, kifungu cha 43, inaweka makazi na chakula mstari kwa mstari, moja chini ya lingine, kana kwamba walioiandika walijua vinakaa nyumba moja. Sitampeleka mtu kortini kwa sababu ya pasheni. Nataka mstari mmoja tu kwa makubaliano ya kodi: mpangaji anaweza kupanda kwa udongo ulio wazi, mbali na bomba na ukuta, na asikatiwe bila notisi. Mimi nikihama mnataka notisi ya mwezi mzima. Pasheni haikupewa hata usiku mmoja.

Na wapangaji wenzangu, najua swali lenu. "Ukihama je?" Nitahama. Kodi inapanda Januari, tumeshaambiwa, na nimepiga hesabu kila upande. Ile pasheni ya pili, niliyoipanda wiki mbili baada ya kukatwa ya kwanza, mvua ikiwa bado, kwa shimo jipya mita moja kando, nitaiacha hapa na nguzo zake. Kwa miaka saba nimekuwa mwangalifu nisiache kitu chochote kwa nyumba ya mtu. Nimehama mara tano, na kwa zile ploti nne za kwanza hakuna dalili hata moja kwamba niliwahi kuishi hapo. Hiyo ndiyo hasara. Matunda atakayokula mtu mwingine siyaiti hasara.

Jumanne tunda la kwanza lilianguka. Mtoto wa nyumba namba sita alilipata kabla yangu, akalila lote, akaniletea ganda kuniuliza kama hayo mengine pia yataanguka. Nikamwambia ndiyo, lakini asiyatikise. Msimamizi alikuwa amesimama pale kwa ngazi. Hakusema kitu, ila ameanza kufunga mbuzi wake upande mwingine.

Mvua za vuli zimeanza. Shimo ni sentimita 45 kila upande. Mtu akikuuliza kama ulikuja kukaa ama kulima, mwombe akuazime jembe.